Upande wa Pili wa Bendera

9 Oktoba

Daftari hili nimepewa na mjukuu wangu Kalunde, mwalimu wa darasa la nne hapa shuleni kwetu. Mwalimu wa ngumbaru ametuambia sisi wazee tuandike kila siku, hata kama ni mstari mmoja, ili mkono usisahau. Mkono wangu haujasahau kitu. Mimi Kavutha nilifika darasa la tatu tu, lakini nilichofundishwa nilikishika. Hawa wa siku hizi wamesoma mpaka chuo na bado wananiuliza mimi leo ni tarehe ngapi.

Mvua bado. Shamba nimelima, linangoja.

10 Oktoba

Vumbi. Mpaka kwenye chai.

13 Oktoba

Leo mwalimu mkuu Mwangangi amekuja hapa kwangu na viatu vyake vyeusi, akasimama mlangoni kama mtu anayeogopa kuku. Bendera ya shule imechakaa. Upepo umeila ule mwisho mpaka imekuwa kama kitambaa cha kushikia sufuria. Na Siku ya Jamhuri mwaka huu sherehe za lokesheni yote zitafanyika kwenye kiwanja cha shule. Chifu atakuja, na wakubwa kutoka Kangundo.

"Susu," akasema, maana hapa kila mtu ananiita bibi, "tunafikiria kununua ile ya kuchapishwa, huko Machakos mjini."

Nikamuuliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna, Susu."

"Basi kama sijakufa, ya kununua ni ya nini?"

Bendera za shule hii nimeshona mimi. Tatu, kwa cherehani yangu hii ya kukanyaga. Mume wangu Musili alikuwa mlinzi wa shule, ndiye alikuwa anazipandisha Jumatatu na Ijumaa, mpaka alipokufa miaka sita iliyopita. Ya mwisho nilishona miaka kumi na moja imepita. Nakumbuka vizuri kwa sababu ni mwaka ule ule jirani yangu Peris aliniibia kitambaa cha kichwa kwenye kamba ya nguo. Chekundu, chenye maua madogo meupe. Mpaka leo anakataa. Mpaka leo simsalimii bila kukitaja.

Mwangangi amekubali nishone. Angefanya nini?

14 Oktoba

Sasa niandike kitu ambacho sijamwambia mtu. Ngao na mikuki iliyo katikati ya bendera inatakiwa iwe pande zote mbili. Mimi huwa naweka upande mmoja tu. Bendera zote tatu. Upande wa pili ni rangi tupu.

Sababu ninayo. Ile ngao ni ya Mmaasai na ile mikuki ni ya Mmaasai. Baba yangu Masila alichomwa mkuki pajani, kule tambarare za Konza, ng'ombe kumi na nne wakachukuliwa akiangalia. Alichechemea mpaka kaburini. Nilikuwa nampaka mafuta ya kondoo kwenye lile kovu nikiwa mtoto, kidole changu kilikuwa kinaingia ndani. Halafu ati kila Jumatatu watoto wetu wasimame wapige saluti huo mkuki. Mimi nilisema upande mmoja serikali ichukue, kwa sababu ni serikali. Upande wa pili hawapati kwa mkono wangu.

Musili aliziona zote nikishona. Hakusema kitu. Musili hakuwa mtu wa kusema.

16 Oktoba

Nimepita shuleni, darasa la Kalunde wanaimba kama kasuku. Nyeusi ni watu. Nyekundu ni damu ya waliopigania uhuru. Kijani ni ardhi. Nyeupe ni amani.

Jioni nimemuuliza Kalunde, kijani ni ardhi ya nani? Toka nje uangalie. Ardhi yetu ni nyekundu kutoka hapa mpaka Kithimani. Kijani tunaikopa miezi miwili kwa mwaka.

Akasema, "Susu, ni mfano tu."

Mfano wa shamba la mtu mwingine huo.

Mvua hakuna.

20 Oktoba

Leo sina raha na nitaandika mpaka kalamu ichoke.

Kalunde amekuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua muthokoi, mahindi yaliyotwangwa, ambao nilikuwa nimeshachambua. Nikajua kuna jambo. Huyu mtoto nimemlea tangu mama yake afariki, akiwa na miaka minne. Nikimwona anachambua kilichochambuliwa najua.

"Susu, kuna mtu anataka kuleta mbuzi wa ntheo. Desemba."

Nilifurahi, siwezi kudanganya daftari. Yeyote asiyejua kwetu ajue: bila mbuzi watatu wa ntheo, hata muishi pamoja mzae watoto kumi, hujaolewa, umejiazima tu. Nikamwambia vizuri, ni wa ukoo gani? Ni wa Tala au ni wa Kangundo?

"Ni Lenny."

Lenny ni yule mwalimu wa skauti aliyeletwa hapa mwaka jana. Mrefu kama mlingoti wenyewe. Ndiye anapandisha bendera siku hizi, mahali pa Musili. Nikauliza, huyo Lenny ni wa wapi? Kwa sababu anaongea Kikamba kidogo, nilidhani ni wa Makueni.

"Ni wa Kajiado, Susu. Ni Mmaasai."

Nilimwaga muthokoi wote. Sikukusudia, mkono ulifanya wenyewe. Nikamwambia, kati ya wanaume wote wa Ukambani, walimu, madereva, wauza mbao, hata yule mtoto mjinga wa Peris mwenye pikipiki, umepita wote ukaenda kuchukua mwenye mkuki? Babu yako mkubwa alichechemea miaka arobaini!

"Lenny hajawahi kushika mkuki, Susu. Anafundisha hesabu."

"Hesabu ya ng'ombe wetu!"

Akalia. Mimi pia nilitaka kulia lakini nilikuwa naokota muthokoi.

Baadaye nikampigia simu baba yake, mwanangu Musembi, huko Athi River kwenye kazi. Alikuwa anajua! Akasema, "Mwaitu, boma ni lako. Ukisema hapana, hakuna mbuzi ataingia. Ukisema ndiyo, nitakuja na kisu." Mwanaume mzima na ndevu zake, ananirudishia mimi mzigo. Na Kalunde amesema hataenda bila ndiyo yangu, hatatoroka kama wasichana wa sasa. Hilo ndilo linanikera zaidi. Angetoroka ningemlaani nipumzike.

21 Oktoba

Sijamsemesha.

22 Oktoba

Bado.

25 Oktoba

Mvua! Imekuja saa kumi na upepo mwingi, ikabomoa ukingo wa tuta la chini. Tumepanda mahindi na ndengu, mimi na Kalunde, kila mtu na mstari wake, bila neno. Nimesema mara moja tu: "Mbegu tatu, si nne." Hiyo si kuongea.

3 Novemba

Kalunde ameniletea vitambaa kutoka Tala. Vyeusi, vyekundu, kijani na vyeupe. Nimekata. Macho yananisumbua kutia uzi, lakini mstari wangu bado uko sawa kama wa rula. Nyeusi juu, kijani chini, nyekundu katikati, na nyeupe nyembamba mbili.

Katikati sijaweka kitu. Nafikiria.

7 Novemba

Nimefikiria.

Sisi hatukuwa watu wa ngao. Ngao ni ya mtu anayetaka kujificha. Sisi tulikuwa na uta na mishale, na sumu ambayo hata jina lake halikutajwa mbele ya watoto. Baba alikuwa na uta wake ukutani mpaka mchwa walipoula. Kama bendera inaonyesha watu walioilinda hii nchi, sisi tulikuwa wapi, jikoni?

Basi nimeshona uta. Uta mweusi, mishale miwili myeupe imepitana. Pande zote mbili. Imetokea nzuri, haki ya Mungu, nimeiangalia mpaka chai ikapoa.

8 Novemba

Peris amechungulia dirishani akauliza ninacheka nini peke yangu. Nimemuuliza kitambaa changu kiko wapi.

12 Novemba

Nimepeleka bendera shuleni mwenyewe, imekunjwa ndani ya kiondo. Mwangangi akaifungua juu ya meza, walimu wote wamesimama. Akaigeuza mara mbili. Halafu akafunga mlango.

"Susu Kavutha. Hii ni nini?"

"Ni uta. Hujawahi kuona uta? Babu yako alikuwa na nini, kijiko?"

Mwalimu mmoja akacheka kwa pua. Mwangangi hakucheka. Akaniambia kuna sheria. Ati bendera ya taifa haibadilishwi hata uzi, ati wakubwa wakiona hii kwenye mlingoti yeye anapoteza kazi na Chifu anapoteza kofia. "Hii ni bendera ya nchi, Susu, si ya Wakamba."

"Ya Wamaasai sasa ndiyo ya nchi?"

"Susu, tafadhali. Tutanunua ya kuchapishwa."

Niliona haya mpaka masikio. Mwanamke mzima wa miaka sabini na nne anafungiwa mlango kama mtoto aliyeiba chaki. Kalunde alikuwa amesimama pembeni anaangalia sakafu. Na aliyechukua bendera yangu akaikunja ni yule Lenny. Hakuikunja ovyo. Aliikunja polepole, kona kwa kona, kama alivyokuwa anakunja Musili, akairudisha kwenye kiondo akanipa kwa mikono miwili.

"Susu," akasema, "mshono huu hakuna fundi wa mjini anaweza."

"Usiniite Susu. Mimi si susu yako."

Nimetembea mpaka nyumbani kwa mvua. Sikufungua mwavuli, ulikuwa mkononi.

13 Novemba

Homa. Chai ya tangawizi.

14 Novemba

Homa.

16 Novemba, Jumapili

Sikuenda kanisani. Mahindi yamefika magotini, ndengu zimefunika tuta lote. Kijani mpaka inauma macho. Hakuna wa kumwambia kwamba naona.

Saa nane kijana Lenny amekuja. Peke yake. Amesimama nje ya ua, hakuingia, mpaka nikamwambia wewe ni mtu au ni mti, ingia. Amebeba chupa ya maziwa. Nikamwambia hapa kuna ng'ombe. Akasema anajua, ameyaleta tu.

Akakaa kwenye lile benchi la Musili. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Ngao yenu ni ya nini?"

"Ya kujikinga, Mama." Alikumbuka kutoniita Susu.

"Kujikinga na nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Na mishale."

"Mishale ya nani?"

"Yenu."

Nilicheka. Ilinitoka kabla sijaizuia, na kwa ile homa nikaanza kukohoa. Nikamwambia kumbe kwenye bendera mmejificha kwa kutuogopa sisi! Akacheka pia, ana meno mazuri. Akaniambia babu ya babu yake aliuawa na mshale wa Kikamba, kule kule Konza, na bibi yake mpaka leo akisikia jina Kalunde anatema mate chini.

"Naye amekataa?"

"Alikataa. Nilimwambia nitangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nyinyi wawili mchoke."

Nilimpa chai, kwa sababu kulikuwa na mvua. Lakini ile habari ya bibi yake imenikaa. Huko Kajiado kuna mwanamke mzee mwenye kichwa kigumu kama mimi. Ningependa kumwona. Ningemwambia mambo.

17 Novemba

Nimemwambia Kalunde chumvi imezidi. Hilo ni neno la kwanza tangu ile siku ya muthokoi. Amefurahi kama nimempa ng'ombe.

21 Novemba

Mwangangi ametuma ujumbe na Kalunde. Ile bendera ya kuchapishwa imefika, kijani yake ni kama ya soda, na ilipoanikwa ikalowa mvua moja tu rangi nyekundu ikashuka kwenye nyeupe. Anauliza kama naweza kutoa uta niweke ngao. Anauliza! Siku ile alijua kufunga mlango.

Nimesema nitafikiria. Nimemwambia Kalunde aniletee ile bendera ya zamani niipime ngao.

22 Novemba

Mvua siku nzima. Nimefumua uta. Kila uzi nimeutoa kwa kucha. Sitaki kuandika zaidi.

28 Novemba

Leo ndiyo siku.

Kalunde ameleta ile bendera ya zamani kwenye mfuko wa plastiki. Nimeiweka juu ya cherehani, dirishani kwenye mwanga, na ule upande wangu niliutambua mara moja, mshono mdogo mdogo, sawa. Halafu nikaigeuza, ili nipime upana kwa nyuma ambapo hakuna kitu.

Kuna kitu.

Kuna ngao. Imepinda. Mkuki mmoja mrefu, mwingine mfupi. Imeshonwa kwa mkono, kwa sindano ya gunia, kwa uzi mweupe wa gunia la mbolea, mishono mikubwa kama ya mtu anafunga mahindi. Huo mshono naujua. Ndio alishonea magunia yangu miaka arobaini. Alishonea hata mipira ya watoto wa shule. Ni Musili.

Na kitambaa cha ile ngao ni chekundu chenye maua madogo meupe.

Nilikaa chini. Kalunde akaogopa akaniuliza kama ni moyo. Nikamwambia nyamaza.

Miaka kumi na moja! Mpaka anakufa, kila Jumatatu anapandisha kitambaa changu cha kichwa juu ya mlingoti, na mimi niko huku chini namtukana Peris. Mimi kwenye sherehe hukaa karibu na hema la Chifu, upande ule mmoja, na macho yangu haya, nikiona ngao najua ni yangu. Sikuwahi kuzunguka nyuma. Ningezunguka kufanya nini?

Nimekasirika. Nimekasirika na maiti. Musili, mdomo ulikuwa wa nini? Ungeniambia, tungegombana siku tatu, ningenyamaza siku saba, yangeisha.

Lakini najua kwa nini hakuniambia. Mwaka wa njaa ile kubwa, themanini na nne, nyasi ziliisha huku kote, akaondoka na ng'ombe wetu tisa kuelekea upande wa Kajiado. Miezi saba hatukujua kama yuko hai. Akarudi na ng'ombe saba, amenenepa yeye mwenyewe. Nikasema ni Mungu. Akaanza kusema, "Kavutha, kuna watu walinipa boma..." nikamwambia sitaki kusikia jina la watu hao nyumbani kwa binti ya Masila. Akanyamaza. Hakurudia tena.

Nilidhani amesahau. Kumbe alikuwa anangoja kitambaa.

29 Novemba

Nimempelekea Peris majani ya kunde, beseni zima. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia kitambaa kimepatikana.

"Kilikuwa wapi?"

"Juu ya mlingoti wa shule."

Akanigusa paji la uso. "Mama Musembi, umepona kweli ile homa?"

Nikamwambia ale kunde anyamaze. Amecheka mpaka akashika mlango. Miaka kumi na moja ameitwa mwizi na anacheka. Ningekuwa yeye ningemmwagia mtu hilo beseni.

2 Desemba

Nashona. Nimemwomba Kalunde anitilie uzi kwenye sindano. Sijawahi kumwomba.

5 Desemba

Ngao ya mbele imekamilika. Nimefuata kipimo chote, nyekundu, nyeusi na nyeupe, mikuki sawasawa. Nilipofika kwenye ncha ya mkuki nilisimama kidogo nikamkumbuka baba. Halafu nikaendelea. Ncha imetoka kali. Kama nashona, nashona.

9 Desemba

Upande wa nyuma. Nilikuwa na kitambaa kizuri kipya cha kutosha. Sikukitumia. Nimeibandua ngao ya Musili kutoka ile ya zamani, nimeifua kwa sabuni ya kipande, imepauka, nimeishona nyuma ya mpya. Sikuinyosha. Ilipinda kwake, imepinda kwangu. Hata uzi wa gunia nimeuacha, nimezunguka tu pembeni na wangu ili usifumuke.

Mwangangi ameiangalia mbele akashusha pumzi. Akaigeuza. "Susu, huku nyuma imepinda kidogo. Na haya, ni maua?"

"Ni ngao?"

"Ni ngao."

"Iko pande mbili?"

"Iko."

"Au kwa sababu ya maua utarudi Machakos kununua nyingine?"

Ameichukua.

12 Desemba, Jamhuri

Watu wengi, matope mengi. Hotuba tatu, zote zimesema mvua ni baraka, kama vile hatuioni. Mahindi yangu yamechanua, yanaonekana kutoka kiwanjani. Watoto wa Kalunde wamesema rangi zao, na walipofika kwa kijani nilifunga mdomo, kwa sababu leo ilikuwa kweli.

Kabla bendera haijapandishwa nilibeba kiti changu. Nilikuwa nimewekewa mahali pangu pa siku zote, karibu na hema. Nikakibeba mbele ya wakubwa wote nikazunguka mlingoti, nikakiweka upande wa pili, peke yangu, miguu kwenye matope. Chifu akaniuliza ni nini. Nikasema jua. Hakukuwa na jua.

Lenny aliivuta kamba. Alivaa ile kofia ya skauti. Mwanzoni ilining'inia tu kama nguo iliyoloa, nikaanza kukasirika. Halafu upepo ukatoka upande wa mtoni, ikafunguka, na nikaiona. Imepinda vibaya. Mtu yeyote angesema ni kazi ya mtoto. Maua hayaonekani kutoka chini, lakini najua yako wapi.

Nilisimama kabla hawajasema tusimame.

Wakati wa soda Lenny alipita na kreti. Nikamshika mkono wa shati. Nikamwambia, "Kesho. Watatu. Na yule bibi yako, kama anaweza kupanda gari, aje atemee mate hapa kwangu, nione."

Alidondosha kreti. Chupa mbili zimevunjika. Hiyo ndiyo hesabu anafundisha.

13 Desemba

Wamefika asubuhi na mapema, Lenny na wajomba zake wawili. Bibi amekataa kuja, ametuma ngozi ya kondoo ya kukalia. Iko sawa. Laini. Sijasema hivyo.

Mbuzi ni watatu lakini mmoja anachechemea. Nimemkagua mguu nikasema huyu hapana, kwetu sisi aliyechechemea alitosha. Musembi akasema, "Mwaitu, jamani, ni leo!" Nikamwambia leo bado ina saa nyingi. Lenny ameenda mbio Tala kutafuta mwingine, na kofia ameiacha kwenye benchi la Musili.

Kalunde anachungulia barabara kila dakika. Peris amekuja na visu vyake. Maji niliyaweka motoni tangu alfajiri, yamechemka mara mbili, nimeongeza.